Bi Dhahabu na Somo Kutoka Ng'ambo

Bi Dhahabu wa mtaa wa Shika Adabu hakuwa na adabu hata chembe, na labda ndiyo maana Likoni nzima ikamwaminia wari wake. Alikuwa somo. Ndiye aliyemweka mwari ndani, akamsugua singo ya liwa na manjano, akamfundisha yale ambayo mama mzazi huona haya kuyataja. Asubuhi ya fungate alitoka na kisarawanda juu ya sinia, kile kitambaa cheupe cha kitandani, akina mama wakaona damu, wakapiga vigelegele, na upande wa mume ukaridhika kwamba umeletewa mwanamwali. Kisipokuwa na damu, nyumba nzima huinamisha vichwa na bibi arusi hurudishwa kwao. Mimi, Barke, alinifunda yeye, kisha akanifanya msaidizi wake wa kubeba sinia na kutukanwa.

Na kutukana alijua, huku akikulisha. "We Barke, mbona umekonda hivi? Mumeo alala na ufagio?" Kisha anakusukumia sahani ya mkate wa sinia.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, waume zetu walikuwa wakibishana habari ya Mwambao, kama pwani ijitenge na bara au la, kutwa kucha, wengine hata salamu wamenyimana. Sisi wanawake tukapata habari kwamba Jumamosi patakuja somo kutoka ng'ambo ya feri, kisiwani, kwenye ukumbi wa chama cha akina mama, bure. Bi Dhahabu aliposikia neno bure alitema tambuu.

"Somo gani huyo asiyetaka hata doti ya kanga? Wari wamemkimbia kwao, sasa aja kuniharibia wangu." Akavaa buibui lake la mazishini, akaenda kumtazama mshindani wake.

Kumbe ni msichana wa bara, jina lake Pascalia, mwanafunzi wa ualimu mwenye miwani mikubwa. Chuoni kwao walitakiwa kutoka kila Jumamosi waende mitaani, wafundishe watu kemia kwa vitu vya jikoni.

"Hamjambo wamama," akasema. Wamama! Lakini tukamsamehe, Kiswahili chake kilikuja kwa gari la moshi. "Leo nimewaletea somo la kemia."

"Yuwapi?" akauliza Bi Dhahabu.

"Nani, mama?"

"Huyo somo. Huyo Kemia."

Tulicheka hadi mabuibui yakatuvuka. Pascalia hakujua tunacheka nini, akacheka nasi, na hapo nikampenda.

Akaeleza kwamba sabuni ya kujipikia nyumbani, ikizidi ile dawa yake ya moto, hubabua mikono, na kwamba tunaweza kuipima kabla haijatudhuru. Akatugawia vipande vya kitambaa cheupe alivyovichovya kwenye manjano na kuvikausha. Kila mmoja afanye kwa mkono wake, akasema, kemia si ya kutazama. Tukadondosha maji ya sabuni. Kitambaa kikaiva wekundu mbele ya macho yetu.

"Ya Rabi, damu," akasema mtu nyuma yangu.

"Hii si damu, mama," Pascalia akajibu kwa furaha. "Ni manjano na sabuni tu. Sasa kamueni ndimu." Tukakamua, na wekundu ukarudi kuwa manjano. "Mwaona? Damu ya kweli haiwezi kugeuka hivi."

Vitambaa vikashushwa mapajani. Kila mwanamke alikuwa akikumbuka singo yake, na beseni la maji ya sabuni ambalo Bi Dhahabu hakosi kuingia nalo chumbani. Mimi niliogopa, wallahi, maana kisarawanda changu kiko sandukuni kwa mama mpaka leo, na usiku wa arusi yangu nililala kama gogo bila kuguswa. Pascalia akadhani hatukuelewa. Akarudia yote tangu mwanzo, mtoto wa watu.

Tulipotoka nilimwona Bi Mwanasaumu akiokota ndimu moja mezani na kuifunga penye pindo la kanga. Nikajua ni ya nini. Mwanawe Badi alikuwa akimuoa Zubeda wiki ile, na yeye mama mtu alitaka amuoe mpwa wake. Zubeda alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameajiriwa dukani ng'ambo. "Mwanamke avukaye feri kila asubuhi," Bi Mwanasaumu hakuchoka kusema, "yuwajua mangapi?"

Asubuhi ya fungate ua ulijaa. Bi Dhahabu akatoka na sinia, kisarawanda kina doa lake, nami nyuma yake. Vigelegele havijaanza, Bi Mwanasaumu akafungua pindo.

"Ngojani. Twataka kulijaribu lile somo la Jumamosi." Akaomba kisu, akaikata ndimu vipande viwili.

Mlangoni, Zubeda alikuwa amesikia. Mtoto yule alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na mamake akaketi chini pale pale mchangani.

Bi Dhahabu hakurudi nyuma. Alilishusha sinia juu ya mkeka.

"Vyema, Mwanasaumu. Ndimu yako ina maji mengi, tusiyapoteze kwa mtu mmoja. Barke!"

"Abee."

"Pita nyumba hadi nyumba. Kila niliyemfunda alete kisarawanda chake hapa, tukamue kwa zamu. Na kwa kuwa mwenye ndimu ndiye mwenye haki, tuanze na chake yeye. Kisha vya binti zake wote watatu. Huyu bibi arusi tutamalizia naye."

Sikwenda popote, wala hakuna aliyetazamia niende. Binti mkubwa wa Bi Mwanasaumu akakohoa. Wa pili akaanza kutafuta kiatu chake, na kiatu kiko mguuni. Ua mzima wa wanawake wenye heshima zao ukainama kutazama kucha za miguu.

"Nimekuja nayo kwa ajili ya kifua," Bi Mwanasaumu akasema mwishowe. "Chanisumbua tangu juzi." Akaitia nusu ya ndimu mdomoni, akaifyonza na ganda lake bila kukunja uso, kisha akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe.

Jioni nilikuwa nikimsaidia Bi Dhahabu kuosha sinia, na sikuweza kujizuia.

"Bi Dhahabu, cha Zubeda kilikuwa manjano?"

"Cha Zubeda kilikuwa damu yake mwenyewe," akasema. "Beseni hata sikuligusa."

Nikamtazama kama mwendawazimu. "Sasa si ungemwacha mkwewe aikamue ile ndimu? Zubeda angeshinda, na Mwanasaumu angeaibika mbele ya watu."

"Angeshinda, ndiyo." Akaniwekea sahani ya mkate mbele yangu. "Na yule mwari wa Alhamisi ijayo, naye akikamuliwa ndimu, je?"