Bibi wa Darini

Watu wa mtaa wa Hallunda walimcheka Protais bila kumficha. Mtu amezikimbia bunduki za Kongo, amevuka mipaka minne na bahari moja, amefika Uswidi kupewa amani bure, na yeye anafanya nini? Ananunua bunduki! Tena si moja. Kufikia mwaka 2011 alikuwa nazo saba, kwenye kabati la chuma lililokazwa kwa bolti ukutani, na kila moja ina kibali chake cha polisi. Pélagie mkewe aliegemeza meza ya kupigia pasi kwenye kabati lile, akalizoea. "Wanaume wa wenzangu wana wanawake wa inje," aliwaambia wamama wa kanisani. "Wangu ana vyuma." Watu wakashika mbavu. Protais naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia menoni.

Aliyemwingiza kwenye mambo hayo ni Lennart, mzee wa Kiswidi waliyekuwa wakipakia naye mizigo kule Märsta, karibu na uwanja wa ndege. Lennart alikuwa mtu wa klabu ya shabaha. Siku moja mwaka 2003 alimpeleka kwa muuzaji mmoja aliyekuwa amepokea masanduku kutoka ng'ambo: bunduki kuukuu za jeshi ambazo nchi hii na ile zilikuwa hazizitaki tena, zimezungushiwa karatasi na kupakwa mafuta mazito kama samli iliyoganda. Protais alifuta moja kwa kitambaa. Ilikuwa Mauser ya Kibelgiji, ndefu, kitako cha mti. Wanunuzi wenzake walikuwa wakichungulia mtutu na kukagua mti kama una nyufa. Yeye aliinamia namba iliyogongwa kwenye chuma. Haikuwa yenyewe. Akainunua hata hivyo.

Tangu hapo Lennart alijua kwamba ikija Mauser ya Ubelgiji, anayepigiwa simu ni Protais. Polisi wa Uswidi hawampi mkusanyaji ruhusa ya kuokota kila chuma anachokitamani. Sharti aseme anakusanya nini, na kwa nini. Protais alijaza fomu: bunduki za Kibelgiji za aina iliyotumika Kongo. Kwenye sababu aliandika "historia". Haukuwa uongo, wala haukuwa ukweli wote.

Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta namba 4119.

Baba yake alikuwa askari, Uvira. Namba ya bunduki yake aliijua kuliko siku za kuzaliwa za watoto wake, na aliwakaririsha wakati wa kula: "Elfu ine, mia moja, kumi na tisa!" Na kama askari wengi wa wakati ule, bunduki yake aliiita bibi. Uvira, bibi ni mke. "Musiguse bibi yangu," alikuwa akisema, na mama yao anaguna jikoni. Protais, kitinda mimba wa nyumba ile, hakuona utani wowote. Kwake mama alikuwa mama, na bibi ya baba ilikuwa ile ya chuma na mti.

Mwaka 1964 waasi walipouteka mji, baba alivua sare, akamviringisha bibi yake kwenye mkeka na kumlaza darini. Waliojua ni watu wa nyumba na Emery, mdogo wake baba, kijana wa miaka ishirini. Siku ya tatu, mama akiwa sokoni na baba shambani, vijana wanne wa waasi walisimama mlangoni. Walikuwa na njaa, wanatafuta wa kuwapikia. Mmoja akamwuliza Protais, aliyekaa kizingitini na miaka yake saba: "Mutoto, bibi ya baba yako iko wapi?"

"Analala kule juu, mu dari," Protais akajibu, kwa adabu zote alizofundishwa.

Wakaangua kicheko. Mke darini! Halafu mmoja wao akaacha kucheka, akatazama juu.

Miezi michache baadaye jeshi la serikali lilirudi, na wakubwa wakamtaka baba aonyeshe bunduki namba 4119. Hakuwa nayo. Wakasema amewapa waasi. Wakampandisha kwenye lori, na hakuna aliyemwona tena. Nani alitoa siri? Protais alifyata ulimi. Macho yote yakamgeukia Emery, na Emery hakujitetea. Dada mkubwa wa Protais, Fébronie, wakati huo ana miaka kumi na miwili, aliapa kwamba hatamsalimu tena mtu yule, na Fébronie akiapa ameapa. Ndiye aliyemlea Protais mama yao alipofariki. Ndiye aliyetangulia Uswidi, akakaa Rinkeby, akahangaikia makaratasi hadi mdogo wake akafika. Barua za Emery alizirudisha bila kuzifungua.

Protais angeweza kuyamaliza kwa sentensi moja. Simtetei: alikuwa mwoga. Alijiwekea ahadi kwamba siku atakapoipata 4119, ataiweka mbele ya dada yake na kusema. Ahadi nzuri hiyo kwa mtu asiyetaka kusema, maana bunduki za aina ile zilitengenezwa kwa maelfu, na yao huenda ilishaoza kwenye tope la mto fulani. Kila sanduku lilipofunguliwa alimwomba Mungu namba iwe yenyewe. Na kila alipoona siyo, alishusha pumzi. Ile pumzi ndiyo iliyomtia haya kuliko yote.

Novemba 2011 Papy, mtoto wa Emery, alipiga simu kutoka Uvira. Muzee amelala, mafigo yamekataa, daktari ameinua mikono. "Anamuulizia Fébronie," Papy alisema, kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake. "Anataka sauti yake tu, yaya Protais. Hata kama ni matusi."

Jumapili baada ya ibada alimleta dada yake Hallunda kula sombe ya majani ya muhogo. Kabla ya kula alimwingiza chumbani, akaisogeza meza ya pasi, akafungua kabati. Harufu ya mafuta ya bunduki ikatoka. Fébronie alirudi nyuma hatua moja.

"Harufu ya baba," alisema. "Unafanya nini na hivi vyuma, Protais?"

"Natafuta elfu ine, mia moja, kumi na tisa."

Fébronie akakaa kitandani. Protais alipiga moyo konde, akamweleza kizingiti, swali na jibu. "Walikuwa wanaulizia mama, yaya. Miye nikazani wanaulizia bunduki."

Dada yake hakulia. Protais alitamani angelia.

"Siku ya ndoa yangu Emery alisimama inje ya kanisa, mu mvua," Fébronie alisema polepole. "Nilimuona. Nikasema wafunge mulango. Na weye ulikuwa nyuma yangu, umebeba maua."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na miaka makumi mbili. Pale haukukuwa tena mutoto."

Protais alisimama mbele ya bunduki zake saba, mikono imemning'inia, akajiona mtu bure kabisa.

"Piga simu," Fébronie akasema.

Papy alipokea, akaiweka simu sikioni kwa baba yake. Protais aliongeza sauti ili dada yake asikie. Kwanza ilisikika pumzi tu, nzito, ya kuvutwa kwa taabu.

"Baba mudogo, ni Protais. Bunduki ya baba... ni miye niliwaambia."

"Najua," Emery alisema. "Nilikuwa nyuma ya nyumba, napasua kuni. Nilikusikia."

"Na haukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa na miaka saba. Wangekupiga. Nikaona ningoje ukomae, useme mwenyewe." Akakohoa kwa muda mrefu. "Umekawia, mutoto wangu. Sasa nipatie Fébronie."

Fébronie alikuwa ameshanyoosha mkono.