Nilisema Fahali Yule Ni Mweusi

Kosa ni langu, na sitaki mtu anisaidie kulibeba. Mtu amekufa kwa sababu ya neno moja nililolisema mbele ya watu, na nililisema nikijua si kweli.

Jina langu sitaliandika, maana ndugu zangu wa Kondoa hawana hatia. Majina ya wengine nimeyabadili. Lakini yaliyotokea sikuyabadili hata kidogo, ndugu zangu, ingawa natamani ningeweza!

Mimi ni karani wa mizigo hapa stesheni ya Dodoma. Mwaka ule reli ilipofika, alikuja Mgiriki mmoja na sanduku la kuonyesha picha zinazotembea. Kwa wale ambao hamjaziona, niwaeleze taratibu. Ni picha nyingi ndogo kwenye utepe mrefu, na kila moja imepishana na mwenzake kidogo tu. Utepe unazungushwa mbele ya taa kali, picha inaangukia shuka jeupe, na jicho linadhani mtu anatembea. Si uchawi. Ukiziona mara mbili utaelewa, usiogope.

Mgiriki alipewa ghala la ngozi nyuma ya stesheni. Kila Jumapili baada ya adhuhuri tuliziba nyufa kwa magunia mpaka ndani kukawa giza, na harufu ya ngozi ikituchoma pua. Yeye alizungusha mpini. Mimi nilisimama kando ya shuka na fimbo mkononi, nikiwaeleza watu kwa Kiswahili na kwa Kigogo: huyu ni nani, anataka nini, kwa nini anapigwa.

Jamani, nilizipenda picha zile! Nilizipenda kuliko mshahara wangu, kuliko hata usingizi. Mwaka mzima sikukosa Jumapili moja.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya maporomoko ya maji. Hakuna mtu ndani yake, ni maji tu yanaanguka. Bibi mmoja wa Kigogo, ambaye mvua zilikuwa zimemwangusha miaka miwili mfululizo, aliuliza polepole, "Watu wenye maji yote haya, wanamwomba Mungu kitu gani?" Niliiomba ioneshwe tena na tena.

Nilipenda pia ile ya wanaume wawili wanaopigana ngumi mpaka mmoja anatema damu. Watu walipanda juu ya mizigo ya ngozi wakipiga kelele, "Mkandamize! Usimwachie!" Mpaka wawili wetu wakaanza kupigana kweli pale chini, na mmoja akatoka amevunjika pua. Tulicheka. Siku hizo tulikuwa tunacheka damu.

Zilizonivunja moyo nazo zilikuwepo. Gwaride la askari wa Ulaya, refu kama njaa, watu walilala. Picha ya simba anayepigwa risasi ilikuwa aibu tupu, maana simba mwenyewe amekonda, anasinzia. Rafiki yangu Ndahani, aliyekuwa akikaa mbele kabisa, alipaza sauti, "Huyo mgonjwa! Angekuja kwetu tungempa uji!" Ghala likavunjika kwa kicheko.

Ndahani alikuwa mfugaji wa upande wa Mtumba. Ndiye aliyenifundisha Kigogo changu chote. Aliniita mbuya, yaani rafiki, na kwao neno hilo halitupwi ovyo. Ukimwita mtu mbuya, umemfungulia zizi lako.

Basi, iliyoniumiza zaidi ilikuwa picha ya vita vya farasi. Jemadari mmoja alichomwa upanga, akafa, akazikwa. Watu walimlilia! Wiki iliyofuata, kwenye picha nyingine, mtu yule yule akaonekana anakunywa chai.

"Huyu tulimzika!" Ndahani akasema.

"Ni pacha wake," nikajibu haraka.

"Pacha mpaka kovu la shavuni? Mbuya, maneno yako ni matamu kuliko picha zako!"

Watu walicheka, na safari hii walinicheka mimi. Nilikasirika. Nikapiga fimbo chini nikasema, "Sikilizeni! Mtu hudanganya. Picha haidanganyi!"

Tangu siku hiyo neno hilo likawa wimbo wangu. Lakini watu walianza kupungua. Wengine walisema yote ni kiinimacho. Mgiriki akaniambia wakizidi kupungua atafunga sanduku aende Tabora. Nikaona kama anataka kuning'oa macho.

Ndipo akapata shauri. Sanduku lile liliweza pia kupiga picha. Kiangazi hicho akalisimamisha mnadani pa ng'ombe, akawapiga watu wetu wakipita. Utepe ukaenda pwani kwa garimoshi kusafishwa, ukarudi baada ya miezi miwili. Tulipoujaribu sisi wawili, nilijiona mwenyewe napita. Tarbushi langu ni jekundu, mnalijua, lakini pale lilikuwa jeusi kama chungu.

"Kofia yangu imekuwaje?" nikamwuliza.

Mgiriki akanieleza kwa uvumilivu, kama mimi ninavyowaeleza ninyi. "Sanduku halioni wekundu. Kila chekundu, lenyewe linakiona cheusi."

Nilielewa. Andikeni hilo mioyoni mwenu: nilielewa vizuri sana.

Sasa, kulikuwa na mzee mwenye mifugo mingi, nitamwita Masima. Wakati wa kiangazi aliibiwa fahali mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na mchungaji wake akachomwa mkuki wa tumbo. Alikufa baada ya siku mbili, utumbo uko nje. Kwa hiyo haikuwa tena habari ya ng'ombe. Ilikuwa habari ya damu, na nchi nzima ilikuwa inamtafuta mwenye mkono ule.

Jumapili ya picha ya mnadani ghala lilijaa mpaka ukuta ukalia. Watu walijitambua, wakaitana majina. "Tazama tumbo lako!" "Yule ni mama!" Sijapata furaha kama ile. Hii ndiyo ilikuwa picha ya mwaka, nikajisemea.

Kisha Ndahani akapita kwenye shuka, anacheka, anavuta fahali kwa kamba. Fahali mweusi mwenye baka jeupe usoni.

"Simamisha!" Masima aliruka. "Simamisha hapo!"

Utepe hausimamishwi, ungewaka moto. Mgiriki akaurudisha nyuma, akauonyesha tena. Na tena. Mara tatu Ndahani alipita anacheka.

"Karani," Masima akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Naam, mzee."

"Mwaka mzima umetuambia picha haidanganyi."

"Ndiyo, mzee."

"Basi tuambie. Fahali yule ni wa rangi gani?"

Ndahani akasimama, bado anatabasamu. Hakuwa na hofu hata kidogo. "Mbuya, mwambie mzee. Fahali wangu ulimwona kwa macho yako, ukamlambisha chumvi kiganjani. Alikuwa mwekundu kama tarbushi lako! Nimemwuza kwa mafundi wa reli, wamekwisha kumla."

Ni kweli. Nilimlambisha chumvi. Ulimi wake ulikuwa mkali kama msasa.

Watu wote walinigeukia. Ningesema tu, "Wazee, sanduku halioni wekundu." Maneno matatu hivi! Lakini niliwaza: nikisema picha imekosea leo, watasema imekosea siku zote. Watacheka tena. Mgiriki ataondoka na maji yangu, na ngumi zangu, na farasi wangu. Na mbele yangu alikuwa amesimama mtu aliyenifanya nichekwe.

Nikasema, "Picha haidanganyi. Fahali ni mweusi."

Ole wangu!

Ndahani alinitazama. Akaanza, "Mbuya, sema kwe…" na rungu likampata mdomoni. Neno lile na meno yake vilitoka pamoja.

Sikujua watu wanaweza kuwa wepesi hivyo. Walimwangukia kama fisi. Nilisikia mkono wake ukivunjika, mlio kama wa kuni kavu. Mtu mmoja alimkanyaga kichwani, akashuka, akapanda tena. Binamu yake Ndahani alichomoa kisu, akamkata mtu shavu mpaka ufizi ukaonekana. Binamu huyo naye akavunjwa magoti. Damu iliruka mpaka kwenye shuka. Mgiriki kwa hofu alisahau kuacha mpini, anazungusha tu, na kwenye shuka lile lililotapakaa damu Ndahani alikuwa bado anapita anacheka.

Nami nilisimama na fimbo yangu. Nilikuwa mjuzi wa kueleza kila kitu, na siku hiyo sikueleza.

Walitoka pale wakaenda kwake Mtumba. Walibomoa tembe yake, udongo wa paa ukaangukia vyungu na watoto. Mkewe alipigwa mgongoni kwa mpini wa jembe. Ng'ombe wote wakachukuliwa, na ndama waliokataa kutembea walikatwa miguu wakaachwa wanalia.

Askari wa boma walifika wakati hapakubaki cha kuokoa. Kesho yake tukapelekwa kwa bwana shauri, mwamuzi wa boma. Aliuliza maneno machache tu. Akanigeukia: je, karani, mnyama alikuwa mweusi?

Hapo nilipewa nafasi ya pili. Mungu ni mwema, hutupa nafasi ya pili! Ndahani alikuwa ameletwa kwenye machela, jicho moja limeziba, lingine limenikazia. Lakini nilijua shahidi anayegeuza maneno hulazwa kifudifudi yeye, apigwe viboko. Nikasema, "Bwana, ndivyo nilivyoona."

Wakampa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Mtu wa mkono uliovunjika! Kiboko kilipofika cha kumi ngozi ilikuwa imekwisha, vingine vyote vilipiga nyama. Hakulia.

Siku ya nne akafa.

Baada ya mvua, fahali wa Masima alionekana upande wa Bahi, mzima, mweusi, alama za masikio zile zile. Waliokuwa naye walikimbia usiku huo huo. Masima alikuja mlangoni kwangu peke yake. Alikuwa amezeeka ghafla. Hakuketi nilipomkaribisha.

"Karani," akasema, "wewe ulijua?"

"Sikujua, mzee. Nami nilidanganywa na picha."

Akatikisa kichwa, akaenda. Alirudisha ng'ombe wote wa Ndahani na kuongeza wake. Tangu hapo, wanasema, hali nyama.

Mgiriki alikwenda Tabora kama alivyosema. Nilimwuzia mtu tarbushi. Sasa kelele yoyote ya mpini unaozunguka, hata wa kinu cha kusagia cha Mhindi, inanitoa jasho. Sina rafiki. Wagogo wananisalimu kwa heshima, mbukwa karani, mbukwa, na heshima hiyo ndiyo inayonichoma, maana hawajui.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda Mtumba kwa mjane wa Ndahani, nikapiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe nikamwambia yote. Tarbushi, sanduku, wekundu, yote. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua.

"Umekuja kuniambia mimi kwamba alikuwa mwekundu?" akasema. "Mimi nilimkamua mama yake. Nilimfunga kitovu mwenyewe alipozaliwa. Mimi nilijua, karani."

"Nisamehe, mama."

"Mimi siku ile sikuwa ghalani. Nenda ukawaambie waliokuwa ghalani. Hao ndio bado wanasema mume wangu alikuwa mwizi, na kwamba fahali aliyeonekana Bahi ni mwingine tu. Wanangu wanaitwa wana wa mwizi kisimani. Msamaha wako ukauombe huko."

Kisha akachukua kibuyu chake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Waliokuwa ghalani wametawanyika. Wengine wako Tabora wanalaza reli, wengine wamefika mpaka ziwani, wengine wamerudi pwani. Lakini najua gazeti hili linasomwa kwa sauti kwenye baraza za stesheni zote. Ndiyo sababu naandika. Wewe unayewasomea wenzako, tafadhali paza sauti, usiruke mstari.

Na ninyi vijana mnaosimama kando ya shuka kueleza picha, maana sasa mmekuwa wengi, nawasihi kama kaka yenu. Kazi yenu ni nzuri, msiiache. Fanyeni watu wacheke, wapeni majina wasio na majina. Lakini mtu akikuuliza jambo la kweli, la mtu wa kweli aliyekaa hapo mbele yako, weka fimbo chini umjibu kweli. Ukiwa hujui, sema hujui. Ukiwa umekosea, sema umekosea, hata kama ghala zima litakucheka. Kicheko kinakwisha kabla ya jua kuzama, nawaapia! Mimi nilikikimbia, na tazameni nilipofika.

Mliokuwepo ghalani siku ile, sikieni: fahali wa Ndahani alikuwa mwekundu. Ndahani alimfuga mwenyewe tangu ndama, alimwuza kwa haki, na hakumwaga damu ya mtu yeyote.

Na wewe Mzee Masima, ukisomewa haya, jibu la swali lako ni hili. Nilijua.