Mizunguko Miwili kwa Mkono

Gereji yetu ya Kabiro haina ukuta wala mlango, lakini ina sheria moja: injini iliyovalishwa mkanda mpya wa taiming haiwashwi mpaka izungushwe kwa mkono, mizunguko miwili mizima. Redio huzimwa ili fundi asikie. Mimi ndiye askari wa sheria hiyo, na sina upole nayo. Mkanda ukikaa vibaya, ukiwasha tu, pistoni zinagonga valvu na injini imekwisha.

Siku hiyo gari lilikuwa la mdogo wangu wa kiume, anayeishi mtaa wa Gatwekera. Alikuwa ameuza ng'ombe wa mahari ili alinunue, akiamini kazi ya teksi ingewarudisha haraka. Wakwe walikubali kungoja, lakini kwa shingo upande. Injini ikifa, uchumba nao umekufa.

Alama za kiwandani, zinazoonyesha gia zikae wapi mkanda ukivalishwa, zilikuwa zimefutika, kwa hiyo nilikwaruza zangu kwa msumari, nikazipaka rangi ya kucha juu. Nikavua mkanda wa zamani, nikaenda dukani kuchukua mpya. Niliporudi nilimkuta mdogo wangu, niliyemwacha na gari, ameketi juu ya tairi, mikono mfukoni. Nikadhani ni wasiwasi tu. Nikavalisha mkanda kwa kufuata rangi.

"Sasa niwashe, sista?"

"Washa uone vile nitakufanya."

Nilitoa plagi ili injini iwe nyepesi, nikaweka spana kwenye bolti ya krenki, nikavuta polepole. Haikufika hata nusu mzunguko. Chuma kiligusa chuma, na kiganja changu kilijua kabla ya sikio. Nikaachia hapo hapo.

Nilipoinama kutazama, mstari wa rangi kwenye gia ya juu ulikuwa mnene. Mimi huchora mwembamba.

"Nani ameshika hapa?"

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nasafisha engine na petroli, ikuwe poa. Rangi ikatoka. Nikairudisha vile nilikumbuka. Niliogopa kukushow."

Hasira zilinipanda mpaka kichwani. Nilimtukana kwa maneno ambayo mama yetu hajui kwamba nayajua, na mafundi wote wakapata kazi ya kufanya mbali nasi. Kisha nikafuta rangi yake, nikautafuta mkwaruzo wangu. Ulikuwa meno matatu ya gia kutoka pale alipopaka yeye. Nikapanga mkanda upya na kumpa spana.

"Zungusha wewe."

Alishika kwa mikono miwili, akavuta kwa woga. Mzunguko wa kwanza ukapita bila kukwama, wa pili ukapita, alama zikakutana. Nikamwambia inatosha. Hakunisikia, au hakuniamini. Aliendelea kuzungusha, taratibu, akisikiliza, machozi yakimdondokea kwenye mikono yenye grisi. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukazungusha pamoja.