Landrova ya Baba Juu ya Mawe

Baba alipokufa alituacha watoto wawili, mama yake mzazi, shamba la alizeti na Landrova isiyo na magurudumu. Mama alikuwa ametangulia. Magurudumu baba aliyauza mwenyewe alipoanza kuumwa, akalipandisha gari juu ya mawe manne nyuma ya nyumba yetu hapa Unyambwa. Mawe kwetu si kitu cha kutafuta. Yale manne yalipatikana bila mtu kuvuka uzio.

Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya arobaini sikurudi shuleni, na hakuna aliyenikataza wala aliyeniuliza. Nilikwenda Shelui, kwenye gereji iliyo kando ya barabara ya malori, kuwapikia mafundi. Mwanzoni nilikuwa naosha masufuria. Baadaye nikawa naosha vipuri, na baadaye tena nikashika spana, kwa sababu mikono yangu ni midogo na ilifika mahali ambapo ya wale wanaume haikufika. Nilichopata nilituma nyumbani kwa bibi na mdogo wangu. Bibi alipoanza kupoteza macho nikarudi kumwangalia, na mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, akaenda Shelui kuwauzia madereva wali na maharage. Ilikuwa kama nyumba yetu ina kitanda kimoja kule, na lazima mmoja wetu akilalie.

Baba mdogo alikuja alizeti ikiwa inaanza kutoa maua. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako nyuma ya nyumba. Alilizunguka gari, akagonga bodi kwa kidole. Bodi ya Landrova za zamani ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Hata baada ya miaka yote ile ya jua na mavi ya kuku, ilikuwa nzima.

“Kuna mtu Arusha anazitaka hizi za zamani,” alisema. “Anazitengeneza upya, anawapakia watalii.”

“Hili ni la baba,” nikasema.

“Kaka yangu amekufa, mwanangu. Na mtoto wa kike…”

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mlenda kwa kupapasa. “Mtoto wa kike amefanyaje?” akauliza.

“Hamna kitu, mama.”

“Yaliyokufa ni macho. Masikio bado yapo.”

Baba mdogo akacheka kidogo, akavuta kigoda akakaa karibu na mama yake. Si mtu mbaya. Alipozungumza tena alizungumza kama mtu anayepima kwa haki. “Tufanye hivi. Gari linalotembea ni chombo cha kazi, libaki kwa watoto. Lisilotembea ni chuma, na chuma ni mali ya ukoo. Tukishavuna alizeti, ukoo utakaa hapa. Nikikuta linatembea, sitalitaja tena mpaka nakufa.”

“Umesema,” bibi akajibu.

“Nimesema, mama.”

Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu za kichwani: magunia ya watu kutoka shambani hadi mashine ya kukamua, mizigo ya Kinyangiri ambako baba alikuwa na wateja wake, kazi ambayo ingetosha watu wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Dada, hilo ni banda la kuku lenye usukani.”

“Likiwaka?”

“Likiwaka narudi nyumbani, nakuwa konda wako. Nitakaa nyuma nagonga bodi, twende, twende.” Akacheka. Halafu nikasikia lori linapita upande wake. “Nasema kweli, dada. Huku nimechoka.”

Nilianza kwa kuwahamisha kuku. Walikuwa wametaga chini ya kiti cha dereva, na jogoo alinifuata siku nzima akinilaumu. Kisha nililala chini ya gari na nyundo ndogo. Baba alikuwa akibeba chumvi kutoka ziwani, nyingine ikiwa bado mbichi, na maji yake yalikuwa yamechuruzika miaka mingi. Bodi ilibaki inang'aa juu, chesisi ikaliwa kutoka ndani. Niligonga nikapata sauti ya chuma, nikagonga mbele kidogo nikapata sauti ya debe, nikagonga tena nyundo ikaingia. Nilibaki pale chini, kutu ikinidondokea kwenye nywele, nikawaza kwamba mtu anaweza kulipita gari hili kila asubuhi akidhani ni zima.

Nilikata sehemu zilizooza, nikapata vipande vya chesisi ya lori, na mchomeleaji wa mjini akaja na jenereta yake akaviunga. Mdogo wangu alituma magurudumu kutoka Shelui, juu ya lori la mchele, yakafika na dereva aliyekataa kunywa hata maji. “Mdogo wako anatupikia vizuri,” alisema tu. “Anasema unatengeneza basi.” Nilirekebisha breki. Nilibadilisha nyaya zilizotafunwa na panya. Majirani wakaanza kusimama kwenye uzio. Gari likashuka kutoka juu ya mawe, likasimama kwa miguu yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaingia ndani nikashika usukani.

Injini nilikuwa nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo niliyoiamini. Baba hakuiacha ovyo. Alipojua hatapona, alitoa plagi zote nne, akamimina mafuta ya injini kidogo kwenye kila tundu, akayaziba matundu kwa magunzi ya mahindi. Nilimwona. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, lakini hakutaka tumsaidie. “Injini ikilala bila mafuta inakufa kwa kutu,” alimwambia bibi, kwa sababu bibi ndiye aliyekuwa amesimama karibu.

Magunzi yalikuwa bado yapo. Niliyatoa, nikaingiza hendeli ya kuwashia kule mbele, nikakanyaga kwa uzito wangu wote. Haikusogea. Nikamwita jirani, mwanaume mwenye mwili, akakanyaga hendeli ikapinda. Nikasema ni kutu, nitaivumilia. Nikafungua kichwa cha injini.

Hapakuwa na kutu. Ningefurahi kuiona kutu. Silinda zote nne zilikuwa na kitu cha rangi ya asali iliyoungua, kigumu, kinachong'aa, kimezishika pistoni pande zote. Nilikikwangua kwa bisibisi kikatoka kama ukucha. Niliweka kipande kiganjani, nikawa nakiangalia, nikijua nimekiona mahali na sikumbuki ni wapi. Nilikumbuka jikoni, nilipokuwa naepua karai la kukaangia. Nje ya karai, kwenye masikio yake, mafuta yamemwagika na kukauka mwaka hadi mwaka mpaka yakawa ganda ambalo hata stiliwaya hailiwezi. Nililinganisha. Ni kitu kimoja. Ni mafuta ya alizeti.

Bibi alikuwa anaota jua ukutani.

“Bibi, kuna mtu aliyeigusa injini ya baba?”

“Nani aiguse? Kuku tu.”

“Hakuna aliyeweka kitu?”

“Aa, mafuta niliweka mimi.” Alisema kama mtu anayetaja kwamba amemwagilia mchicha. “Kila mwaka tukishakamua. Yale ya kwanza, kabla hatujaonja. Kikombe cha chai natoa kwa baba yako: kidogo tundu hili, kidogo tundu lile, naziba. Hata macho yalipoharibika niliyajua yale matundu kwa vidole. Mwanangu alisema isilale bila mafuta. Ya dukani ya rangi nyeusi ningeyatoa wapi? Na haya yetu ni masafi, watu wanatoka mbali kuyafuata.” Kisha akainua uso. “Kwa nini, mke mwenzangu? Imekauka?”

“Hapana, bibi,” nikasema. “Haijakauka.”

Nchi yote hii inakamua alizeti. Watoto wetu wanapakwa hayo hayo, ngozi za ngoma zinapakwa hayo hayo, bawaba za milango, mpini wa jembe. Sijui mahali pengine ambapo mtu angeyafikiria mafuta hayo kwanza. Na hakuna mtu aliyelipenda gari lile kuliko bibi, maana sisi wengine tulikuwa tumeliachia kuku.

Nilijaza silinda mafuta ya taa na dizeli, nikangoja. Nilifungua sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, nikaachanisha mikono ya pistoni na krenki, mhimili zinaouzungusha, ili kila moja itoke peke yake. Nilipasha moto taratibu kwa makaa ndani ya bati, nikaweka gogo la mkungugu juu ya pistoni, nikagonga, nikangoja, nikagonga. Shambani alizeti ilikuwa imeinamisha vichwa. Mchana nilivuna, asubuhi na alasiri niligonga. Pistoni ya kwanza ilitoka, ringi zake zimevunjika vipande. Ya pili ikatoka. Mdogo wangu alipata ruhusa akaja, akavaa suruali yangu ya kazi, akapokea nyundo.

“Ulisema kutu,” akaniambia kutoka chini ya gari.

“Nilidhani.”

“Hii si kutu, dada. Hii ni chapati.” Nilimweleza kwa sauti ya chini. Alitoka chini ya gari akakaa kwenye vumbi, akatazama upande wa mlangoni ambako bibi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa Kinyaturu. “Umemwambia?”

“Sijamwambia.”

“Na kikao wakikuuliza?”

“Watauliza kama linatembea. Sitakuwa na cha kujibu zaidi ya hapo.”

“Watasema umeiua wewe.”

“Waseme.”

“Wewe ni kama yale mawe,” akasema, na sijui hadi leo kama alikuwa ananisifu. Tulitoa ya tatu pamoja. Ya nne haikusogea hata unywele, na yeye akarudi Shelui.

Ukoo ulikaa magunia yakiwa yameshashonwa midomo. Walikuja wazee wachache na baba mdogo; mmoja wa wazee hao zamani alikuwa dereva wa trekta. Nilichinja kuku wawili, wakala. Kisha baba mdogo akasimama, akalizunguka gari lililosimama kwenye magurudumu yake, na nilimwona ameshangaa. Alifungua boneti. Pistoni tatu zilikuwa juu ya gunia, kichwa cha injini pembeni.

“Linatembea?” aliuliza.

“Bado, baba mdogo.”

“Kaka aliiacha injini nzima. Nilikuja msibani nikaiona, imezibwa vizuri. Sasa imefunguliwa tumbo.” Hakusema kwa hasira. “Mwanangu, umejitahidi, hakuna anayebisha. Lakini hii kazi umeiparamia. Ungeiacha ilivyokuwa, pengine ingewaka.”

Mzee mmoja akaguna kukubali. Niliangalia chini. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno, nayo yalikuwa ya kweli, na ningeyasema yangekuwa yangu kwa muda mfupi tu kabla hayajamfikia bibi pale ukutani.

“Msimsingizie mtoto,” bibi akasema.

Wote tukageuka.

“Injini hiyo haijalala na njaa hata mwaka mmoja. Nimeilisha mimi kwa mkono wangu. Kila tukikamua, kikombe cha kwanza ni chake, kwenye matundu yote manne. Mafuta yetu wenyewe ya alizeti. Mtoto kaikuta imeshiba. Kama haiwaki ni uzee wake, si mkono wa mjukuu wangu.”

Yule mzee wa trekta alichukua pistoni moja, akaipapasa kwa dole gumba pale palipobaki ganda, akainusa, akairudisha juu ya gunia taratibu kama anavyorudishwa mtoto aliyelala. Aliniangalia, akamwangalia baba mdogo. Baba mdogo alikuwa ameelewa.

“Ndiyo, mama,” akasema mwishoni. “Ni uzee wake.”

“Si nilisema.”

Nilidhani pengine baada ya hapo angeliacha gari. Nadhani hata yeye aliwaza hivyo, maana alichukua muda mrefu kuvaa koti lake. Lakini neno lilikuwa limesemwa mbele ya mama yake na mbele ya wazee, na mtu wa Arusha alikuwa ameshaambiwa. Nilipomsindikiza hadi barabarani alisema, bila kunitazama, “Ungeniambia.”

“Ningekuambia ili iweje, baba mdogo?”

Alipanda bodaboda akaenda.

Wanaume waliokuja kulichukua gari walikuwa wachangamfu. Walisimamisha nguzo tatu na mnyororo, wakaing'oa injini, wakaiacha chini. “Hii baki nayo, dada,” mmoja akasema. “Bosi anaweka mpya. Anachotaka ni sura tu.” Walilivuta gari juu ya lori. Lile ganda tupu lilipanda jepesi, na chesisi niliyoiunga haikulalamika hata kidogo. Mmoja wao aliusifu ule uchomeleaji.

Nilimwambia mdogo wangu kwa simu. Alisema, “Sawa, dada.” Alisema amepata chumba cha kupanga kule kule, chenye umeme. Nikamwambia ni vizuri.

Mahali palipokuwa na gari sasa upepo unapita moja kwa moja hadi kwenye dirisha la bibi, na ule upepo wetu wa miezi hii unajulikana. Nimekihamishia kitanda chake chumba cha mbele. Injini niliifunika turubai. Sikuwa na sababu ya kuendelea, ila kila asubuhi baada ya kumpa bibi uji wa uwele nilikuwa naongeza mafuta ya taa kwenye ile silinda ya nne na kugonga kidogo, kwa kuwa sikuwahi kuacha kitu kikiwa kimekwama nusu.

Ilitoka wiki iliyopita, bila kelele. Niligonga kama kawaida na gogo likashuka na mkono wangu.

“Nini hicho?” bibi akauliza kutoka ndani.

“Ya mwisho imetoka, bibi.”

“Basi rudisha, usiache wazi. Vumbi litaingia.”

Nikatandika gunia, nikaleta petroli kwenye kopo, nikaanza kuisafisha.