Sululu wa Bwawa la Guangzhou

Siku yangu ya kwanza kazini Guangzhou, Mkuu wa Utafiti alinikabidhi darubini na buti za mpira zilizonipwaya, akanionyesha bwawa la matope ukingoni mwa mto. Kila wiki ya majira ya baridi nilitakiwa kulizunguka kwa miguu nikihesabu ndege wahamao, wale wanaokimbia barafu ya kaskazini. Nilikuwa nimetoka Tanga kwa ufadhili wa masomo, nikaishia kuajiriwa, na baridi ile ya unyevunyevu ilinitia adabu.

Miaka ile jiji lilijengwa kwa pupa, na wajenzi walilitaka bwawa letu. Mkuu akasema bayana kwamba tusipopata ndege wa maana kabla ya mwaka mpya wa Kichina, analifuta kwenye utafiti, nao wamwage kifusi. Mimi nilikuwa nimeshalipenda.

Kichina changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Mkalimani wangu alikuwa Salumu, mfanyabiashara wa Dar, mzaliwa wa Tabora. Mafundi wake wa nguo kule Kangle, mtaa wa viwanda vya ushonaji, walishaanza kurudi kwao kwa sikukuu, naye hakuwa na la kufanya ila kunifuata na kulalamika.

Asubuhi moja Mkuu alipiga simu. Salumu aliipokea akiwa amejibanza nyuma ya matete akikwepa upepo, mimi jicho kwenye darubini.

"Dada, laoban, bosi wako, anauliza kuna nini. Ukisema tena meiyou, hakuna kitu, basi analifuta leo."

Hapo hapo nikawaona ndege wenye midomo mirefu iliyopinda, ambao sisi wa pwani tunawaita sululu.

"Mwambie sululu! Kundi zima, linachimba tope!"

Salumu aliijua sululu moja tu, ya kuchimbia mtaro. Akamwambia bosi kwamba wajenzi wameshaingia na zana.

Baada ya muda Mkuu alishuka kwenye teksi na kandambili miguuni, akifoka wajenzi wameingia kwa ruhusa ya nani. Nikamsukumia darubini. Akachungulia, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Anasema vibarua hawa waachwe wachimbe," Salumu alitafsiri kwa haya.

Bwawa likabaki. Lakini mkataba wangu ulipokwisha nilirudi nyumbani, na haukupita muda likajazwa. Sasa pana maghorofa. Nimestaafu, na vijana huniuliza kama hainiumi kwamba tulishindwa. Inaniuma, tena sana. Ila majira yale sululu walikula wakashiba, wakaruka kwenda kaskazini kuzaa. Wajukuu wao wapo.