Mishale Kumi na Saba

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la chama cha mikopo, Karani alichonga penseli yake pande zote mbili, upande mwekundu na upande wa bluu, hata kama haikuhitaji kuchongwa. Mikono yake haikujua kutulia. Miaka kumi na moja alikaa kwenye kiti kilekile akipokea fomu kupitia nondo, na mwaka huu kiti kilikuwa kama kina siafu.

Dada yake alikuwa amefungua duka la mikate mji mwingine. "Njoo mdogo wangu tusaidiane," alimwambia kwenye simu. "Ila mwisho ni mwezi huu. Ukichelewa naajiri mtu mwingine, usije ukaninunia."

Karani akakata shauri kwenda. Ili atakayempokea asipotee, akageuza kalenda ya mwaka jana, akachora nyuma yake. Kila mwanachama duara jekundu. Kila udhamini mshale wa bluu, kutoka kwa mdhamini kwenda kwa mkopaji. Mikopo ilikuwa arobaini, na kila mmoja ulitaka wadhamini wawili. Mkopaji akishindwa, akiba zao zinakatwa.

Fundi cherehani kamdhamini muuza viatu, muuza viatu kamdhamini kinyozi, kinyozi kamdhamini fundi cherehani. Wameshikana mashati, wakizunguka. Lakini mishale mingine haikuwa na duara la kuanzia; fomu zake zilikuwa na sahihi ya harakaharaka tu, bila jina.

Mwenyekiti akachungulia. "Karani, siku hizi unafuga buibui?"

"Ni chama chetu, mzee. Nani kamshika nani."

"Wa kuogopa ni mwenye lori. Mkopo wake mnene kuliko tumbo lake."

"Huyo akianguka wanaumia wawili. Naogopa mishale hii isiyo na mwenyewe."

Mwenyekiti akacheka. "Na wewe uko wapi hapa? Au wewe malaika, hudhamini mtu?"

Karani akaitazama tena ile mishale isiyo na mwanzo. Kila aliyepungukiwa mdhamini mmoja alimwambia palepale dirishani, "Dadangu, nisaidie sahihi, foleni ndefu," naye akasaini bila hata kuinua kichwa. Akajichorea duara katikati, akavuta mishale. Kumi na saba! Na akiba yake ilitosha kumfunika mkopaji mmoja. Wawili tu wakishindwa, hao wengine wote wamedhaminiwa na hewa, na hasara ingekwenda kwa mdhamini wa pili, kisha kwa anayemtegemea huyo, mpaka mwisho wa kalenda.

"Basi kunja hiyo karatasi," Mwenyekiti alinong'ona. "Hakuna aliyejua."

"Mimi nimejua."

"Haya, lakini mdhamini haondoki mpaka apatikane wa kushika nafasi yake. Kanuni hiyo umeiandika wewe, kwa mwandiko wako mzuri."

Tangu siku hiyo Karani hakukaa kitako. Alifunga dirisha saa ya chakula akazunguka na fomu kwapani. Alimkuta kinyozi na mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Nataka umdhamini muuza maji," akamwambia.

"Simjui huyo!"

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Ninyi mnaojuana mmeshadhaminiana wote."

"Dada, muache amalize kichwa changu kwanza!" mteja akalalamika.

Kinyozi akasaini shingo upande. Mmoja mmoja, mishale ikahama. Usiku Karani aliota bluu. Hadi siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa imehama kumi na sita. Uliobaki ulikwenda kwa mwenye lori, na hapo kila mtu aliingiwa na shughuli za ghafla.

Basi la kwenda kwa dada lilikuwa linaondoka saa nane. Saa saba Karani akaandika karatasi: akiba yangu yote ibaki chamani badala yangu, mpaka mwenye lori amalize mkopo. Akasaini, safari hii akiwa ameinua kichwa.

"Akiba ya miaka kumi na moja!" Mwenyekiti akashika kiuno. "Umeitupa."

"Inamtosha mtu mmoja, mzee. Kwa kumi na saba ilikuwa uongo."

Mwenye lori, aliyekuwa kwenye foleni, alitazama viatu vyake. "Dadangu, nitakulipa."

"Usinilipe mimi. Lipa hapo dirishani."

Akaibandika kalenda ukutani, upande uliochorwa nje. Akafuta duara lake la katikati kwa kidole kilicholowa mate, likabaki doa. Penseli akaiacha juu ya kiti.

"Sasa kesho nani atafungua?" Mwenyekiti aliita.

Karani alikuwa ameshashuka ngazi, begi begani. Alipita kwa kinyozi bila kusimama, akakata kona, na kiti kile hakukikalia tena.