Nilimwita Baba Muuza Samaki

Siku niliyomkana baba yangu naikumbuka vizuri kuliko siku niliyopata shahada, mwanangu unayesoma, ingawa kwa miaka zaidi ya thelathini nimeapa kwamba haikuwahi kutokea. Ilitokea. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwezi wa kumi, kwenye lango la shule ya masista mjini Lubumbashi.

Baba alikuwa Mgiriki. Alinunua samaki huko Kasenga, mtoni, na kuwaleta mjini kwa lori la barafu. Hakumwoa mama, lakini hakuna Ijumaa aliyokosa kuja nyumbani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko hiki changu kilichopitia chuo kikuu. Siku hiyo alinifuata shuleni na samaki waliofungwa kwenye gazeti, suruali imelowa hadi magotini.

"Ule muzungu anakuita," wenzangu wakasema. "Ni baba yako?"

"Baba gani? Muuza samaki wa mama."

Alisikia. Akanikabidhi kile kifurushi kwa adabu, kama mtu na mteja wake. "Basi, mademoiselle, msalimie mama. Mwambie hawa ni wa leo." Akaondoka. Ijumaa iliyofuata alikuja kama kawaida, na neno lile hakuligusa mpaka alipokufa, mimi nikiwa na miaka ishirini na sijamwomba radhi.

Sasa tuje Johannesburg, mwaka 2017. Nilikuwa tayari raia wa Afrika Kusini, mwandishi wa makala zinazosomwa na watu wachache kuliko wapangaji wa jengo letu la Berea. Nikaamua kutafuta uraia wa Ugiriki. Nilijiambia ni kwa ajili ya paspoti tu, nipumzike na foleni za viza. Huo nao ulikuwa uongo.

Nilianza vizuri: niliomba kwanza kibali cha kubaki na uraia wa hapa, maana ukichukua wa pili bila kibali unaweza kuupoteza wa kwanza. Lakini kwenye konseli, yaani ubalozi mdogo wa Ugiriki, mama mmoja aliniambia kwamba, kwa kuwa wazazi wangu hawakuoana, kila kitu kinategemea kama baba alinitambua rasmi kuwa mwanawe kabla sijatimiza miaka kumi na minane. Wangetafuta kwenye madaftari. Nilitoka pale. Paspoti nilikuwa nimeshaisahau. Nilichoogopa ni kusikia kwamba naye alinikana, tena kwa haki.

Nikaenda mtaa wa Yeoville, dukani kwa Mama Nsenga, fundi cherehani aliyekuwa jirani yetu kule nyumbani, nikamwomba picha ya baba aliyoitunza. Hakuinuka.

"Eh! Leo ndiyo ana jina? Miaka yote hapa, watu wakiuliza hiyo rangi, unasema bibi yako alikuwa mweupe!"

"Mama, nilikuwa mtoto."

"Mtoto ulikuwa siku ile moja. Hii miaka mingine ulikuwa na diploma."

Wateja wakacheka, nami nikacheka, kwa kukosa pa kuuweka uso wangu. Akazima cherehani.

"Kaa. Tuambie hapa, mbele ya watu, baba yako alikuwa nani. Karatasi itakuja nyuma."

Nikawaambia. Lori, barafu, Ijumaa, hata lango. Nilianza kwa aibu, lakini nilipofika kwenye namna alivyokuwa akichagua samaki kwa kuwatazama macho, nilijikuta najivuna, mikono hewani, sauti juu. Msusi mmoja kutoka Bukavu akasema, "Eish, mimi wangu alikuwa na mke mwingine Kigali. Wako alikuwa mwanaume." Mama Nsenga akanipa picha, nikatoka nayo.

Mwanangu, usingoje ofisi ikuulize wazazi wako ni akina nani. Mtaje mzazi wako angali hai, suruali yake ikiwa imelowa, mbele ya walewale unaotaka wakupende. Ukiteleza ukamkana, rudi siku hiyohiyo umwombe radhi. Mimi nilichelewa, ndiyo maana naomba radhi kwa kuandika, mbele yako usiyenijua. Mungu akupe mzazi wa kujivunia, na akupe ulimi wa kumwambia hivyo akiwa anasikia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikiwa nakata vitunguu simu ikalia. Alikuwa yule mama wa konseli.

"Tumekupata daftarini. Baba yako alikwenda mwenyewe kukuandikisha, pamoja na mashahidi wawili. Haki yako ipo."

"Nilikuwa na umri gani?"

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Miaka kumi na miwili. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja."

Mwezi mmoja baada ya lile lango. Nikaweka kisu chini.

"Bado upo, mama?"

"Nipo," nikasema. "Nisomee jina lake. Taratibu, tafadhali."